Mahali Ambapo Mikono Inaonekana

Nilitoka Meru Ijumaa moja ya Januari kwenda kutafuta mahali pa kupiga kambi. Mwalimu mkuu wetu, Madam Gatwiri, alikuwa ameniandikia kazi hiyo kwa mstari mmoja: mahali salama karibu na hifadhi ya Mlima Kenya, watoto ishirini na sita, kulala mara mbili, mapumziko ya katikati ya muhula. Nilipewa siku tatu. Jambo ambalo Madam Gatwiri hakulijua ni kwamba mimi sikutaka mahali hapo papatikane.

Nafundisha katika shule ya bweni ya watoto viziwi, nje kidogo ya mji. Mimi nasikia. Lugha ya ishara nilianza kuisoma chuoni, lakini walionifundisha kuizungumza ni watoto wenyewe. Wao ndio walionipa jina langu la ishara: vidole viwili vinavyotembea juu ya kiganja, vikienda vikirudi, kwa sababu darasani siketi.

Mwaka juzi niliwapeleka darasa la nne kuona maporomoko ya maji kando ya msitu. Wakati wa kurudi nikahesabu vichwa, kimoja kikakosekana. Makena, msichana wa miaka kumi, hakuwepo. Nilimwita. Nilizunguka msituni nikipaza sauti, "Makena! Makena!" mpaka koo likaniuma, mimi mwalimu wa viziwi, na wala sikujishangaa. Baada ya saa tatu akina mama waliokuwa wakitafuta kuni walimkuta ameketi juu ya gogo, mzima kabisa. Hakuna aliyenilaumu. Lakini tangu siku hiyo, watoto wakitoka nje ya lango la shule, nahesabu, na nikimaliza nahesabu tena. Nikisikia neno safari, natafuta udhuru.

Ningekwenda peke yangu, ningerudi Jumapili na orodha ya kasoro, na mambo yangeishia hapo. Lakini Madam Gatwiri alisema niende na Mwalimu Kagendo, anayefundisha darasa la pili. Kagendo amenizidi miaka kumi, ni mama wa watoto wawili, na ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka mitano. Kila ninapoandika hapa kwamba Kagendo alisema jambo, alilisema kwa mikono. Na kila aliposema na wenyeji wetu, au wenyeji wakasema naye, maneno yalipita kwangu. Hilo nalo mlikumbuke.

Makutano, saa mbili asubuhi, tulijaza mafuta katika gari dogo nililoazima kwa shemeji yangu, tukanunua mkate, maziwa na ndizi. Malori yalikuwa yamezibana barabara mbili na makondakta wanapigiana kelele. Kabla hatujaondoka, Kagendo aliweka sheria. "Ukiendesha, hatuongei. Macho yako ni ya barabara. Ukitaka kusema kitu, simama." Nilikubali. Kati ya Makutano na Kibirichia nilisimama mara nne. Mara ya kwanza niliuliza kama amebeba koti. Mara ya pili nilikagua magurudumu. Mara ya tatu nimesahau sababu. Mara ya nne hakunitazama, aliinua tu kidole akaonyesha mbele.

Kibirichia tulifika kabla ya saa nne. Asubuhi hiyo mlima ulikuwa wazi wote, na barafu kidogo iliyobaki iling'aa kama chumvi. Upande wa pili ardhi ilishuka hadi tambarare za kaskazini zenye vumbi. Katikati ni viazi, mashamba ya viazi mpaka kwenye ua wa umeme wa msitu. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Kinoti, mkulima aliyeacha eka moja ya nyasi kwa ajili ya wageni wenye mahema. Alikuja na viatu vya mpira, mikono ina udongo.

"Muga! Karibuni. Nyinyi ndio mlipiga simu?" Akamtazama Kagendo, kisha akanigeukia mimi. "Huyu madam haongei?"

"Anaongea. Ni kiziwi."

"Ooh, pole sana."

"Anakusalimu," nikasema, kwa sababu Kagendo alikuwa tayari ameshamsalimia.

Mahali penyewe palikuwa pazuri. Nyasi fupi, tangi la maji, vyoo viwili vya mbao vilivyosuguliwa, na anga tupu pande zote. Kagendo alipima uwanja kwa hatua, akasimama katikati, akageuka polepole akitazama juu kama mtu anayechagua kitambaa. Mimi nilikuwa natazama lori lililokuwa likirudi kinyumenyume kwenye njia ya shamba kuchukua magunia ya viazi. Dereva alipiga honi. Nikaona mtoto nyuma ya lile lori, mtoto asiyesikia honi. Hakukuwa na mtoto yeyote pale, lakini nilimwona.

Kagendo akaja. "Pamenipendeza. Mwambie hivyo. Muulize kama katikati ya muhula atakuwa na nafasi."

Nikamgeukia Mama Kinoti. "Mama, asante. Tutafikiria, halafu tutakupigia."

"Hakuna shida, mwalimu. Karibuni wakati wowote. Mahali iko wazi tu."

Kagendo alikuwa akitutazama. "Amesema nini?"

"Amesema siku hizo pamejaa," nikamjibu.

Mikono yangu ilisema hivyo kwa urahisi ulionishangaza. Kagendo aliutazama uso wangu, akautazama uso wa Mama Kinoti, kisha akaenda kuketi garini akafunga mkanda. Mama Kinoti alitukimbilia na mfuko wa viazi. Nilivipokea kwa mikono miwili na kumshukuru, na sikuweza kumtazama machoni.

Tulirudi Meru, tukapita Nkubu na Igoji, tukielekea kusini. Barabara hiyo huteremka hadi mtoni, hupanda, huteremka tena. Nilikuwa na jasho ingawa madirisha yalikuwa wazi. Nilitaka kufika, na nikifika nilitaka kuondoka.

Chogoria, saa tisa unusu alasiri, tulipanda njia ya udongo kati ya mashamba ya kahawa, kisha chai, mpaka ukingo wa msitu. Kambi ya pili ilikuwa ndani ya mraba wa misaiprasi mikubwa iliyopandwa karibu karibu kama ukuta. Nje ya miti kulikuwa na ua wa umeme, lango la chuma na askari. Msimamizi, Bwana Mutegi, alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye daftari la kila kitu. Alituonyesha njia ya gari la wagonjwa na king'ora cha kuwafukuza nyati.

"Hapa, mwalimu, hata sungura haingii bila kuandikwa," alisema.

Nilipata jambo nisilolitarajia. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na nilipoikosa, mabega yangu yalishuka. Nilizunguka ule ua mara mbili nikiushika nguzo kwa nguzo. Nikajiambia, kumbe hata mimi ninaweza kulaza watoto mahali. Nilimwambia Kagendo, "Hapa. Tumemaliza."

"Tungoje jioni," akajibu.

Wasiojua upande huu wa mlima wafahamu kwamba jua letu huzama mapema. Haliendi mpaka mwisho wa dunia. Linapita nyuma ya mlima alasiri, na kivuli kinashuka mashambani watu wakiwa bado wanalima. Saa kumi na mbili kasorobo, chini ya ile misaiprasi, baridi ilishuka ghafla. Kagendo alisimama hatua ishirini kutoka nilipokuwa, akaanza kunihoji. Umekula nini asubuhi? Mama yako anaitwa nani? Nilijibu. Akauliza tena, nikajibu. Saa kumi na mbili na robo niliona koti lake na weupe wa macho yake. Vidole sikuviona. Nilijua anasema kitu kwa sababu viwiko vilikuwa vikitikisika.

Akanisogelea mpaka karibu kabisa na pua yangu. "Umeona? Hapa mikono inakufa kabla ya chakula cha jioni. Kuanzia sasa mpaka asubuhi, kila mtoto yuko peke yake."

Nilimuuliza Bwana Mutegi kuhusu taa.

"Taa iko. Moja, pale chooni."

"Na moto?"

"Moto hapana. Haya majani ni kama petroli."

"Tutawapa tochi," nikamwambia Kagendo. Nilikuwa karibu kumsihi.

"Mtoto akishika tochi, mkono mmoja umekwisha kazi. Aongee na nusu ya mdomo?" Alitazama ile miti mizuri iliyonyooka. "Watoto hawa bwenini taa zikizimwa ndiyo basi. Wanakuja mlimani tuwazimie tena?"

Tulilala pale, kila mtu na hema lake, kwa kuwa hatukuwa na pa kwenda. Usiku wenyewe hauna la kusimulia, isipokuwa kwamba ua haukunisaidia kupata usingizi.

Jumamosi asubuhi Bwana Mutegi alitupa chai na nduma, akasikitika kutupoteza. Tukashuka hadi barabara kuu, tukapita Chuka. Mbele ya Chuka mabonde ni makali. Unaona barabara unayoiendea ng'ambo ya pili kabla hujaanza kuteremka. Nilisimama mara tatu. Mara ya tatu Kagendo alishuka, akaweka mikono kiunoni, akatazama bonde.

"Unakimbia nini?" akaniuliza.

"Sikimbii. Natafuta kambi."

"Sawa," akasema, akaingia garini.

Tulikula githeri Runyenjes, kisha tukaacha lami na kupanda kuelekea Kianjokoma, upande wa Embu. Huku mlima unaitwa Kirinyaga, na lile jina letu la Meru, Kirimaara, watu wanalijua lakini hawalitumii. Chai ilikuwa kijani kila upande, imekatwa sawasawa kama mto wa kitanda. Saa nane tulifika kwa Mama Wawira, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima chai na ambao walikuwa wamefungua kambi pembeni mwa msitu. Mwanamke mrefu, mchangamfu, sauti ya kuongoza kwaya.

Palikuwa na uwanja wa nyasi ulioinama kidogo, miti imesimama mbali. Kati ya uwanja na msitu kulikuwa na handaki refu la kuzuia ndovu. Katikati palikuwa na duara la mawe lenye majivu. Chini, nyuma ya kichaka, mto ulisikika ukipita.

"Huu mto hujaa?" nikauliza.

"Hujaa, mbona? Mvua ikinyesha huko juu, hapa jua limewaka, unakuja tu." Mama Wawira alionyesha kwa mkono kimo cha kifua. "Lakini hauna hatari. Unausikia kutoka mbali. Unanguruma kama lori."

"Watoto wangu hawasikii."

Akaweka mkono mdomoni. "Ai, kweli."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sababu nilikuwa nimeipata, nzito, isiyo na jibu, na hakuna ambaye angeweza kuniambia ni woga. Ningemwandikia Madam Gatwiri: mto hujaa bila onyo. Niligeuka ili nimwambie Kagendo.

Kagendo hakuwepo.

Nilitazama garini. Nilitazama vyooni. Nilimwuliza Mama Wawira, naye akasema alimwona akielekea kule chini, akaonyesha mtoni. Nikaanza kutembea, kisha nikajikuta nakimbia. Na nikaita. "Kagendo! Kagendo!" Niliteremka ukingoni nikashika mizizi, nikateleza, nikaingia maji hadi magotini. Maji yalikuwa baridi ya barafu na hayana hata kina cha kuogopesha, lakini mimi niliona mkoba wake kwenye kila jiwe jeusi. Niliita nikipanda na mto, nikaita nikishuka nao. Kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Sijui ilikuwa robo saa au zaidi.

Nilimkuta juu, upande wa pili wa uwanja, mahali ambapo chai inakutana na nyasi. Alikuwa na wanawake wawili wa kile kikundi waliokuwa wakipanga kuni. Alikuwa akiwafundisha ishara. Mmoja alipepea vidole akijaribu kusema moto, na wote watatu walikuwa wanacheka. Kagendo aliniona, matope mpaka kifuani, kiatu kimoja. Kicheko kikamwisha alipouona uso wangu.

"Umeniita?" akauliza.

"Nimekuita."

"Kwa mdomo?"

Niliketi chini kwenye nyasi.

Aliwaambia wale wanawake wasubiri, akaja akachuchumaa mbele yangu ili nisiweze kutazama pengine. "Sikiliza vizuri. Kibirichia nilimtazama yule mama mdomoni. Kusoma midomo sijui sana, lakini mtu anayesema pamejaa hafungui mikono hivi, na hakupi viazi. Ulinidanganya. Mimi niko kazini, wewe ndiye sikio langu, ukanidanganya. Nilinyamaza nione utafika wapi. Chogoria ulitaka kwa sababu kuna ua. Hapa umefurahi kwa sababu kuna mto. Nimekuona ukifurahi. Unatafuta kambi au unatafuta sababu?"

Nilimwambia ukweli wote. Nilimweleza juu ya Makena na zile saa tatu, nilivyopaza sauti, na ndoto. Nilimwambia kwamba kila ninapoona uwanja, naona mahali ambapo mtoto mmoja hayupo.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Makena anasemaje kuhusu siku hiyo?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

"Sijamuuliza."

"Miaka miwili?" Alitikisa kichwa. "Kila muhula mpya anawasimulia wageni bwenini. Aliona mbega wawili na mtoto wao mweupe. Akaketi kimya wasikimbie. Mama mbega akashuka mpaka karibu, akamtazama. Makena huigiza jinsi yule mama alivyomtazama, na watoto wote hukaa kimya. Ndiyo hadithi yake kubwa. Wewe pekee ndiye uliyepotea siku ile."

Nilifunika uso. Hasira yake nilikuwa nimeitarajia, na ningeweza kuivumilia. Hilo la Makena sikuwa nimejiandaa nalo.

Nilipopata nguvu, nilimpigia simu Mama Kinoti, Kagendo akinitazama. Nilimwomba msamaha, nikamwambia tunataka nafasi.

"Woi, mwalimu," alisema. "Si mlisema mtafikiria? Jana jioni wamekuja vijana wa kanisa, wamechukua siku hizo zote. Mngesema tu."

Nilimtafsiria Kagendo neno kwa neno, pamoja na lile "mngesema tu". Alisimama akakung'uta nyasi. "Basi ni hapa au hakuna. Niitie Mama Wawira. Na safari hii sema ninachosema."

Alasiri hiyo nilifanya kazi yangu kwa mara ya kwanza katika safari ile. Nilitembea kati ya Kagendo na Mama Wawira nikiwa mdomo wa mmoja na mikono ya mwingine. Kagendo aliuliza mto hufika wapi ukijaa kabisa. Mama Wawira alituonyesha takataka zilizonaswa vichakani, mbali sana chini ya uwanja. Kagendo alitaka mahema yawe sehemu ya juu kabisa. Mama Wawira alisema kule upepo ni mkali. Kagendo akasema upepo haumchukui mtoto. Mama Wawira akacheka, akakubali. Wakapatana kamba ifungwe kando ya kichaka, itundikwe vitambaa vyekundu, na asiwepo wa kuvuka bila mwalimu. Mmoja wa akina mama angekaa mtoni mchana kutwa, na maji yakibadilika rangi angepanda pale juu ya jiwe kubwa na kupepea leso.

"Na ndovu?" nikauliza, kwa niaba yangu mwenyewe.

"Ndovu hawajavuka handaki tangu lichimbwe," alisema Mama Wawira. "Lakini mimi si Mungu, mwalimu. Nitakudanganya nikikuambia hawawezi."

Nililitafsiri hilo pia. Kagendo aliitikia kwa kichwa, na nadhani alimpenda Mama Wawira kuanzia hapo.

Saa kumi na mbili jioni tukasimama uwanjani, hatua ishirini baina yetu. Upande wa magharibi, kushoto kwa mlima, anga ilikuwa imebaki wazi, rangi ya ndizi mbivu. Akanihoji kama Chogoria. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nikimwona mpaka pete yake. Saa moja kasoro dakika chache alinisimulia kisa kirefu kuhusu mbuzi wa mama mkwe wake, nikacheka mahali panapofaa. Giza lilipofika, wale wanawake waliwasha moto katika lile duara, na mikono ikarudi, mikubwa na ya dhahabu.

Jumapili tulianza safari ya kurudi baada ya Mama Wawira kutoka kanisani, kwa sababu alikataa tuondoke bila kula. Nilisimama mara moja tu mpaka Meru, na ni Kagendo aliyetaka. Soko dogo karibu na Chuka lilikuwa na parachichi nzuri.

Jumatatu asubuhi, ofisini kwa Madam Gatwiri, Kagendo akiwa kando yangu, nilieleza kambi zote tatu. Alisikiliza akizungusha kalamu. Halafu akaniuliza swali nililokuwa nimelingoja tangu Ijumaa, swali ambalo nilikuwa nimepanga kulitumia kuifunga safari.

"Mwalimu Mutwiri, unaweza kuniahidi hakuna kitu kitatokea?"

"Siwezi, Madam. Naweza kukuambia tumepanga nini kikitokea."

Kagendo akainua mkono kwamba ana la kuongeza. Aliongea polepole, akinitazama mimi wala si Madam Gatwiri, ili ahakikishe ninapata kila neno. Nami nikasema kwa sauti: "Mwalimu Kagendo anasema kambi ya Kibirichia ilikuwa nzuri pia. Tuliikosa kwa sababu Mwalimu Mutwiri alibadilisha maneno ya Kagendo na ya mwenyeji. Anasema jambo hilo lisirudiwe, nami wala na mwalimu mwingine yeyote anayemtafsiria."

Nilisikia jikoni sufuria zikigongana.

"Ni kweli?" Madam Gatwiri akauliza.

"Ni kweli."

Aliandika kitu. "Mtaenda Embu. Mwalimu Kagendo ndiye kiongozi. Wewe utakuwa chini yake." Kisha akamtazama Kagendo moja kwa moja, bila kunitazama mimi, akajaribu kwa vidole vyake vizito ishara ya asante. Ilitoka kombo kidogo, lakini ilieleweka.

Na ndivyo tulivyokwenda. Mwisho wa Februari watoto ishirini na sita walipiga mahema sehemu ya juu ya uwanja, mahali penye upepo. Mvua haikunyesha na mto haukupanda. Hema moja lilianguka, mvulana mmoja aliumwa na siafu, na ndovu tuliona kinyesi chake tu, ng'ambo ya handaki, watoto wakapiga nacho picha.

Nilijifunza nini? Nilikuwa nimeingia safarini nikidhani mahali salama ni mahali ambapo hakuna kitu kinachoweza kuingia. Watoto wangu wamekaa maisha yao yote mahali pa namna hiyo. Walichokosa ni mahali ambapo jioni ikiingia mazungumzo yanaendelea, na mtu akiwa na hofu au furaha anaweza kumwambia mwenzake papo hapo.

Jioni ya kwanza, baada ya chakula, moto ulikuwa umekolea na wote walikuwa wameuzunguka. Mimi nilikuwa nimesimama ndani ya duara, mgongo kwenye moto, ili nione nyuso zote. Nilikuwa nahesabu. Nilifika kumi na saba, nikapotea, nikaanza upya. Ndipo msichana mmoja mdogo wa darasa la pili akanivuta koti. Nilidhani anaumwa. Niliinama.

"Mwalimu," akaniambia, akiwa na haraka ya mtu aliyekatizwa kisa kizuri, "umetuzibia mwanga. Tunaongea."

Nikaomba radhi, nikatoka katikati, nikatafuta nafasi kati ya watoto wawili na kuketi.